Sauti Ndani ya Chuma: Kutoka Masango ya Kwihara hadi Reli ya Tabora

Tarehe 23 Juni 1871 Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe, na mizigo ya msafara wake ikahifadhiwa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Pamoja na marobota ya nguo na mifuko ya shanga kulikuwa na mizunguko ya waya mnene wa shaba ya manjano, ambao watu wa njia ya msafara waliuita masango. Stanley alikuwa amenunua frasila 10 za waya huo Zanzibar, kiasi cha kilo 160, baada ya kuelezwa na wafanyabiashara wa huko kwamba bara shanga huhesabiwa kama senti, nguo kama fedha, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya huhesabiwa kama dhahabu.

Habari za tembe lile zimesimuliwa mara nyingi. Stanley aliondoka Septemba kumtafuta David Livingstone, wakarudi pamoja Februari 1872, Stanley akaenda zake tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Mimi nataka kuufuata ule waya.

Waya wa shaba ulifika bara ili upindwe. Fundi aliupasha moto ukalegea, akauzungusha kuwa kitindi cha mkononi au mguuni, na kila alipoupinda ulizidi kukakamaa. Uzito wake haukubadilika wala shaba yake haikubadilika, lakini mkono wa fundi ulijua kwamba sasa ameshika kitu kingine. Akiulazimisha, utakatika. Akiurudisha motoni, utalegea tena. Kitu gani kimebadilika ndani yake? Swali hilo lilichukua karne moja na nusu kujibiwa, na sehemu kubwa ya jibu ilipatikana kwa kusikiliza: unautikisa waya, kisha unapima mtikisiko unakufa upesi kiasi gani. Nguvu inayomezwa na metali yenyewe inapotikisika ndiyo wanafizikia waliyoiita msuguano wa ndani. Mtikisiko ukiwa wa kasi mno, mamilioni ya mara kwa sekunde, juu sana ya sauti ambayo sikio la mtu linaweza kuipata, kupotea huko huitwa kufifia kwa mawimbi ya ultrasoniki. Ni jambo moja linalotazamwa kwa kasi mbili.

Kabla ya 1891: majembe ya Usumbwa, shaba ya Katanga

Unyamwezi haukungoja misafara ya pwani ili kujua metali. Wahunzi wa Usumbwa, na Warongo wa Uzinza upande wa kaskazini, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Jembe lilikuwa chombo cha shamba, lilikuwa mahari, na lilikuwa mali ya kubadilishana; misafara iliyokuwa ikishuka pwani iliyabeba majembe hadi Ugogo kulipia hongo na chakula.

Chuma cha tanuri ya udongo hakitoki kikiwa kimiminika. Hutoka bonge lenye matundu, limechanganyika na takataka za mawe, na ni nyundo inayolibana na kuzikamua takataka hizo likiwa bado jekundu. Likipoa kidogo, nyundo huanza kulikakamaza. Kwa hiyo kazi ya mhunzi ni kupokezana kati ya moto na pigo, na umahiri wake uko katika kujua lini pigo limetosha. Ujuzi huo haukuandikwa. Ulikaa kwenye bega, kwenye jicho linalosoma rangi ya moto, na kwenye sikio, maana chuma kinacholia juu ya fuawe hubadili mlio kadiri kinavyofuliwa.

Wasumbwa walibeba ujuzi wao mbali. Mfanyabiashara mmoja wao, Kalasa, alikuwa akienda Katanga kutafuta shaba nyekundu, na mnamo 1856 hivi mwanawe Ngelengwa alihamia huko. Akajulikana kwa jina la Msiri, akajenga ufalme wa Garenganze wenye makao makuu Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Waliifanya Katanga kuwa kiwanda cha waya.

Mafundi wao walichukua mche wa shaba, wakaufua ukawa fimbo nyembamba, wakaichonga ncha na kuipitisha kwenye tundu la chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu ya kupungua ukubwa. Kisha watu wakavuta kwa nguvu za miili yao. Fimbo ilitoka upande wa pili ikiwa ndefu zaidi na nyembamba zaidi, ikaingizwa tundu linalofuata, kisha linalofuata. Baada ya matundu kadhaa shaba hugoma. Hapo iliwekwa motoni mpaka iwe nyekundu, ikapozwa, na kazi ikaendelea. Waya wao mwembamba kabisa ulizungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mti kutengeneza bangili laini zinazopindika.

Vitabu vingi vya fizikia vinaianza hadithi ya metali iliyopindwa Paris au Cambridge, na mafundi wa namna hii hawatajwi hata kwa mstari mmoja. Naona huko ni kuipunguza historia. Kukakamaa kwa kuvutwa, kulegea kwa moto, na mpaka ambao ukiuvuka waya unakatika ni mambo matatu ambayo nadharia ya karne ya 20 ililazimika kuyaeleza, na yote matatu yalikuwa kazi ya kila siku pale Bunkeya. Kilichokosekana kilikuwa sababu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na shaba ya Katanga ikaenda mikononi mwa wengine.

1784 hadi 1865: waya unaoning'inia

Sababu ilianza kutafutwa kwa kifaa ambacho mtoto anaweza kukitengeneza. Mwaka 1784 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb aliwasilisha uchunguzi wake kuhusu nyaya za chuma na za shaba ya manjano. Alining'iniza uzito kwenye waya, akausokota kidogo, akauachia. Uzito ulizunguka huku na huku, na mzunguko ukapungua taratibu hadi ukakoma.

Mtu angesema hewa ndiyo iliyouzuia. Coulomb alipima mchango wa hewa akaona hautoshi. Sehemu kubwa ya mwendo ilikuwa ikipotea ndani ya waya wenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo fundi wa chamburo angelielewa mara moja: alilinganisha waya uliokakamaa na waya uleule uliolainishwa motoni. Kwa msokoto mdogo, nguvu ya waya ya kujirudisha ilikuwa karibu ileile. Tofauti ilikuwa kwamba waya uliolainishwa ulishindwa mapema. Ukisokotwa zaidi kidogo haukurudi mahali pake. Coulomb akahitimisha kwamba kuna mambo mawili tofauti ndani ya metali: mvuto unaoshikanisha chembe zake, ambao moto haugusi, na uwezo wa chembe hizo kuteleza moja juu ya nyingine, ambao hutegemea historia ya metali hiyo. Hakuna mtu wakati ule aliyekuwa na picha ya kinachoteleza.

Mwaka 1865 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alirudia majaribio ya namna hiyo kule Glasgow. Aliona kwamba waya uliotikiswa saa nyingi kila siku ulipoteza mwendo wake upesi kuliko mwenzake uliotikiswa kwa nadra. Aliona pia kwamba waya uliopumzishwa Jumapili nzima ulikuwa na nafuu Jumatatu asubuhi. Aliuita uchovu wa unyumbufu. Ilikuwa ajabu kusikia kwamba metali huchoka na hupumzika, lakini vipimo vilikuwa pale, na vilirudi vilevile.

1912 hadi 1916: karakana ya Tabora

Reli ya Kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya misafara, na ikaimaliza biashara ya mpagazi. Mzigo wa masango uliokuwa ukichukua miezi mitatu kutoka pwani ulikuwa sasa safari ya siku chache, na njia yenyewe ilikuwa metali: mita moja kati ya reli na reli, vipande vya chuma kigumu vinavyobonyezwa na kila gurudumu linalopita.

Mwaka huohuo wa 1912, kule Munich, Max von Laue na wenzake walipitisha miale ya X kwenye fuwele na kupata nukta zilizopangika kwenye bamba la picha. Ulikuwa ushahidi kwamba atomi za fuwele zimejipanga safu kwa safu. Haukupita muda metali nazo zikathibitika kuwa hivyo. Kipande cha shaba au cha chuma ni mkusanyiko wa fuwele ndogondogo zilizobanana, na ndani ya kila fuwele atomi ziko katika mistari. Tayari mwaka 1899 James Ewing na Walter Rosenhain walikuwa wameona kwa hadubini kwamba metali ikipindwa, mistari myembamba hutokea juu ya fuwele zake. Tabaka za atomi zilikuwa zikiteleza, kama Coulomb alivyohisi.

Tabora yenyewe ilipata somo lake la metali iliyogongwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani, na serikali ya kikoloni iliyohamia Tabora ikaamua kutengeneza zake katika karakana ya reli. Mwaka 1916 zilitoka hapo sarafu za heller 5 na heller 20, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000. Metali ya sarafu ndogo ilikusanywa popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga yaliyokwisha kutumika. Kwa wakusanyaji wa sarafu tembo huyo ni maarufu. Kwa habari yetu, cha maana ni kwamba mafundi wa karakana ya treni walijikuta wakifanya kazi ya shaba ya manjano. Bamba linalobanwa hadi unene wa sarafu linakuwa gumu kabla hata halijafika chini ya muhuri, na muhuri wenyewe, ambao ni chuma, nao huchoka na kupasuka.

Ganda la risasi lilikuwa na fumbo lake. Waingereza kule India waliona kwa miaka mingi kwamba maganda ya shaba ya manjano yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kuguswa na mtu. Mwaka 1921 ilielezwa kwamba amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikishambulia shaba ambayo bado imebeba mkazo wa kuvutwa kiwandani. Kuyapasha moto kidogo, bila kuyalegeza kabisa, kuliyaokoa. Ganda lililolala ghalani kimya lilikuwa bado limebeba nguvu iliyolipa umbo lake.

Tabora iliangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na kiwanda cha sarafu kikafa. Reli ilibaki.

1934: mstari ndani ya fuwele

Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu rahisi iliyowatia aibu wanafizikia. Ikiwa tabaka moja la atomi linateleza lote kwa pamoja juu ya jingine, nguvu inayohitajika ni kubwa mara elfu na zaidi kuliko ile inayopinda fuwele halisi ya shaba. Kwa hesabu hiyo, hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kupinda kitindi.

Jibu lilitolewa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor huko Uingereza, na Wahungaria Egon Orowan na Michael Polanyi. Tabaka halitelezi lote kwa pamoja. Ndani ya fuwele kuna mistari ya hitilafu, mahali ambapo safu moja ya atomi inaishia katikati bila kuendelea. Mstari huo unaitwa dislokesheni. Unaposukumwa, atomi chache tu za kando yake hubadilishana mahali, kisha chache zinazofuata, na mstari unapita fuwele nzima kwa nguvu ndogo. Ukishatoka upande wa pili, tabaka limesogea hatua moja ya atomi.

Hapo ndipo kazi ya Bunkeya ilipopata maelezo. Kuvuta shaba kwenye chamburo huzalisha dislokesheni nyingi mno. Katika shaba iliyolainishwa vizuri motoni, sentimeta 1 ya mchemraba inaweza kuwa na mistari ambayo ukiiunganisha mwisho kwa mwisho inafika kilomita 10. Katika shaba iliyovutwa sana, mchemraba huohuo unaweza kuwa na kilomita milioni 10. Mistari inakutana, inakwamana, inazuiana njia, na waya unakakamaa kwa sababu kila mstari umezibiwa na mingine. Moto huzipa atomi nafasi ya kutembea, mistari hufutana au hujipanga upya, fuwele mpya huota ndani ya zile zilizochakaa, na waya hulegea.

Lakini mwaka 1934 dislokesheni ilikuwa bado wazo la kwenye karatasi. Hakuna aliyeiona. Kwa zaidi ya miaka 20 ushahidi wake ulipaswa kutafutwa kwa njia za pembeni, na njia mojawapo iliyozaa matunda mengi ilikuwa ile ya Coulomb.

1940 hadi 1956: kusikiliza shaba

Mwaka 1940 Mmarekani Thomas Read alichukua metali zilizooteshwa kama fuwele moja nzima, akazitikisa na kupima msuguano wake wa ndani. Alipata namba zilizoyumba kupita kiasi. Kuminya fuwele kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, kulitosha kupandisha msuguano mara nyingi. Kuongeza ukubwa wa mtikisiko nako kuliupandisha. Kuipasha fuwele moto kuliushusha. Read alisema kinachokula nguvu ni dislokesheni zinazokwenda na kurudi ndani ya fuwele. Mwaka huohuo Mjerumani Werner Köster aliripoti jambo lililofanana na Jumatatu ya Kelvin: metali iliyopindwa kisha ikaachwa tu juu ya meza, bila moto, hupungukiwa msuguano wake saa kwa saa.

Vita ya Pili ilipokwisha, Chicago ikawa kitovu cha kazi hii. Clarence Zener aliandika mwaka 1948 kitabu kilichoiweka taaluma nzima kwenye msingi mmoja, na Mchina Kê Tingsui, akifanya kazi huko, alitumia waya wa aluminiamu unaoning'inia na kusokotwa kuonyesha jinsi mipaka kati ya fuwele na fuwele inavyoteleza kwenye joto. Kifaa chake kilikuwa kilekile cha 1784, kilichowekewa jiko na vipimo bora.

Italia nayo ilileta fumbo. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na 1954 Piergiorgio Bordoni wa Roma alipoza metali hadi kwenye baridi kali ya hewa iliyogeuzwa kimiminika na zaidi, huku akiitikisa maelfu ya mara kwa sekunde. Mtu angetarajia kwamba kwenye baridi ile kila kitu kimeganda na msuguano umekwisha. Badala yake, kwenye shaba iliyopindwa, msuguano ulipanda ukafanya kilima karibu na nyuzi 190 chini ya sifuri, kisha ukashuka. Shaba iliyolainishwa motoni haikuwa na kilima hicho. Mwaka 1956 Alfred Seeger alieleza kwamba hata mstari ulio huru haukai tambarare ndani ya fuwele. Umelala kwenye bonde kati ya safu za atomi, na ili uvuke kwenda bonde la pili lazima kwanza sehemu yake ndogo ijitokeze. Kilima cha Bordoni ndicho kelele ya kuvuka huko. Ni moja ya vipimo vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvisoma katika fizikia ya metali: historia ya kupindwa kwa waya inasomeka kwenye baridi ambamo hakuna fundi atakayefanya kazi.

Nadharia iliyoshika yote haya ilichapishwa mwaka huohuo wa 1956 na Albert Granato na Kurt Lücke, waliokuwa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ambako Rohn Truell aliendesha maabara ya ultrasoniki. Waliendeleza wazo la James Koehler la mwaka 1952. Chukua uzi wa zeze: umefungwa ncha mbili, na sehemu ya kati ndiyo inayotikisika. Dislokesheni nayo imefungwa mahali na mahali, ama pale inapokutana na nyingine, ama pale ambapo atomi ngeni imeikalia. Wimbi la sauti likipita kwenye fuwele, vipande vilivyo kati ya vifungo hupinda huku na huku, vikisuguana na fuwele inayovizunguka, na nguvu ya wimbi hupotea kuwa joto.

Hesabu yao ilitoa matokeo makali. Kiasi kinachopotea hukua kwa urefu wa kipande kilicho huru uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukiongeza kifungo kimoja katikati, kipande kikawa nusu, upotevu wake unashuka mara 16. Ndiyo maana vipimo vya Read viliyumba. Ndiyo maana pia shaba iliyopindwa kidogo hufifisha sauti sana, kwa kuwa ina mistari mipya iliyo huru, ilhali shaba iliyopindwa mno hufifisha pungufu, kwa kuwa mistari imekwamana na vipande vimekuwa vifupi. Uchunguzi wa Köster ulipata maelezo yake: kupinda fuwele hutawanya nafasi tupu na atomi zilizohama mahali pake, na metali ikipumzika hizi hutembea taratibu hadi kwenye mistari na kuifunga. Na mtikisiko ukiwa mkubwa, mstari hujinasua kutoka kwenye vifungo dhaifu, kipande huru hurefuka ghafla, na upotevu huruka juu.

Mwaka 1956 pia, Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan waliweka utando wa aluminiamu chini ya hadubini ya elektroni na kuiona mistari yenyewe ikitembea. Waliosikiliza walikuwa wamesikia vizuri.

Kutoka maabara hadi relini

Wakati wanafizikia wakipima fuwele, watu wa reli walikuwa na hofu yao. Tarehe 25 Agosti 1911, mjini Manchester katika jimbo la New York, reli ilivunjika chini ya treni ya abiria na watu 29 wakafa. Ufa ulikuwa ndani ya chuma, usioonekana juu. Enzi ya mvuke ilikuwa na fundi wa nyundo ndefu aliyepita kando ya mabehewa akigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kwa muda, lenye ufa hutoa mlio mfu. Sikio lake lilikuwa likipima msuguano wa ndani, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini reli iliyolala chini imefungwa kwenye mataruma, na hailii.

Mwaka 1928 Sergei Sokolov wa Leningrad alipendekeza kutafuta kasoro za metali kwa mawimbi ya ultrasoniki, akitumia kipande cha kwatzi kinachotikisika kwa umeme. Mwaka 1940 Floyd Firestone wa Michigan aliomba hataza ya kifaa kinachotuma mpigo mfupi ndani ya chuma na kusubiri mwangwi. Donald Sproule alitengeneza chake Uingereza wakati wa vita. Ufa hurudisha mwangwi mapema, na muda wa kurudi husema ufa uko kina gani. Leo mtu wa ukaguzi hupaka maji au jeli juu ya reli, akasukuma kitoroli chenye vipima-sauti vya megahezi chache, akaangalia kioo.

Tabora imekuwa njia panda ya reli tangu tawi la Mwanza lilipofunguliwa mwaka 1928, na sasa reli ya kisasa ya upana wa milimeta 1,435 inajengwa kwenda huko. Treni za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Reli za aina hii huunganishwa kwa kuchomelewa ziwe mstari mrefu usio na viungo vya bolti, na kila mchomeleo ni mahali ambapo fuwele zimeyeyuka au zimepashwa moto na kuota upya. Ultrasoniki ndiyo njia ya kawaida ya kuzipima, na Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania, TIRDO, lina huduma ya kupima metali bila kuiharibu kwa njia hii na nyinginezo.

Hata hivyo mwangwi unamwambia mkaguzi kuhusu ufa uliokwisha kuzaliwa. Kabla ya ufa kuna miaka ambayo magurudumu yanaongeza dislokesheni kwenye kichwa cha reli, zinajipanga makundi, na hakuna cha kurudisha mwangwi. Kwenye fuwele safi ya maabara kufifia kwa sauti kungeyasema hayo yote. Kwenye reli, mipaka kati ya maelfu ya fuwele hutawanya sauti na kuficha sehemu inayotokana na dislokesheni. Tangu miaka ya 1960 watafiti wamejaribu njia nyingine: wanatuma wimbi la kasi moja na kutafuta ndani yake wimbi dogo la kasi maradufu, ambalo huzaliwa pale dislokesheni zinapopinda bila ulinganifu. Maabarani hufanya kazi vizuri. Kuileta kwenye njia ya treni, penye kutu na vumbi, bado ni kazi ngumu.

Na kuna kipande kimoja cha reli kinachowashinda wote. Pale ambapo reli mbili hukatana kwenye mchepuko, magurudumu hupiga chuma kwa kishindo, na nchi nyingi huweka hapo chuma chenye manganizi nyingi, kilichovumbuliwa na Robert Hadfield mwaka 1882. Kinapotoka kiwandani si kigumu sana. Kinazidi kuwa kigumu kadiri magurudumu yanavyokipiga, kama shaba kwenye chamburo, na ndiyo sababu kinapendwa. Lakini fuwele zake ni kubwa mno. Sauti ya ultrasoniki ikiingia hutawanyika na kufa kabla ya kufika upande wa pili, na kioo cha mkaguzi hujaa vurugu. Hapo hurudi kutumia macho yake, rangi inayopenya kwenye nyufa za juu, na miale ya X.